Namba ya Filta na Pumzi ya Fanesi

Januari iliyopita, siku ambayo nje ilikuwa nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri, mama mmoja mwenye asili ya Bukavu anayeishi hapa Minnesota alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri, mimi fundi wa fanesi, mashine ya gesi inayopasha nyumba joto. "Papa, ile mashini iko inawaka, inazima, inawaka tena. Watoto wamelala na makoti."

Nilipofika nilishuka moja kwa moja chini ya nyumba, nikafungua kifuniko cha filta. Ilikuwa imebonyea katikati, imevutwa na feni kama tanga lililoshika upepo, na marinda yake yamejaa vumbi la kijivu zito kama blanketi. Nikaichomoa, nikaiacha fanesi iende bila filta, kwa kujaribu tu. Ikaunguruma robo saa nzima bila kukatika.

Uchafu ulikuwa nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni filta yenyewe. Mtoto wao mdogo ana pumu, na baba alikuwa amekwenda dukani akachukua yenye namba kubwa kuliko zote rafuni. Sikumlaumu, alikuwa anatafuta pumzi ya mwanawe. Ila hakuna aliyemwambia kwamba fanesi nayo ina pumzi yake.

Namba ile inaitwa MERV, kipimo cha ASHRAE, chama cha wahandisi wa mambo ya joto na ubaridi wa majengo. Filta nyembamba ya nyuzi za kioo, ile unayoona upande wa pili ukiiinua kwenye taa, haifiki hata namba 5. Inalinda mashine, mapafu yako haiyalindi. Namba 8 inanasa angalau asilimia 70 ya chembe za mikroni 3 hadi 10, kama vumbi la nyumbani na mbegu za ukungu. Namba 13 inanasa angalau nusu ya chembe za mikroni 0.3 hadi 1, na humo ndimo moshi ulimo. Unywele wa mtu una mikroni 70 hivi, upate picha. Ukikuta boksi limeandikwa 1000 au 1500, hicho ni kipimo kingine cha kibiashara, usikilinganishe na MERV.

Sasa pumzi. Feni ya fanesi huvuta hewa ya nyumba, ikaipitisha kwenye filta, kisha ikaisukuma juu ya chuma kilichopashwa moto na gesi. Fanesi nyingi za majumbani zimeundwa kuhimili shinikizo la inchi 0.5 za maji (ndivyo mafundi tunavyopima msukumo wa hewa) kwa mfumo mzima, yaani mabomba, koili ya kupooza na filta kwa pamoja. Filta ikibana mno, hewa inapungua, chuma kinapata moto kupita kiasi, swichi ya usalama inazima gesi. Feni inaendelea mpaka chuma kipoe, moto unawaka tena. Ndiyo hiyo "inawaka, inazima" ya mama. Mchezo huo ukiendelea miaka, chuma kinaweza kupasuka, na hapo tunaanza kuzungumzia kaboni monoksidi, gesi ya sumu, ndani ya nyumba wanamolala watoto. Sipendi kabisa kufika huko.

Je, mwenye pumu aikose namba 13? Hapana. Aipate kwenye filta nene. Fikiria gauni la marinda: ukilikunjua, kitambaa ni kirefu kuliko ulivyodhani. Filta ya inchi 4 ina kitambaa kingi zaidi ya ile ya inchi 1, hewa inatawanyika, inapita polepole, feni haihangaiki. Lakini haiingii kwenye nafasi ya inchi 1, usiisukume. Fundi lazima akate bomba la hewa na kufunga kasha lake. Siku ile niliwawekea namba 8. Wiki mbili baadaye nilirudi na kasha. Manometa yangu, kipimo cha shinikizo hilo, ilikuwa imesoma 0.9 na filta ya zamani. Kwa namba 13 ya inchi 4 ilisoma 0.5.

Vipimo vya inchi vilivyoandikwa kwenye filta, kama 16x25x1, vimezungushwa. Filta halisi hupungua kidogo. Ikicheza ndani ya nafasi yake, hewa itapita pembeni na umenunua bure. Mshale uliochorwa kwenye fremu ya filta uelekee kwenye fanesi.

Ya inchi 1 ikague kila mwezi, isizidi mitatu. Ya inchi 4 huenda miezi 6 hadi 12. Na wenzangu wa Mombasa na Dar, tuliozoea kuosha chujio la eesii bombani: hizi za marinda haziosheki. Maji yanaharibu kitambaa, unyevu unaleta ukungu.

Moshi wa misitu ya Kanada ulipotufunika Juni 2023, wengi walikuwa na filta nzuri lakini feni imelala, kwa kuwa themostati, kile kidude cha ukutani cha kuamuru joto, ilikuwa AUTO, na hapo feni huenda tu joto au baridi inapohitajika. Siku za moshi iweke ON, hata kama huhitaji joto wala baridi. Filta hainasi hewa isiyopita.

Ukiwa mpangaji, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kubadili namba.

Mimi huandika tarehe kwa kalamu nene ukingoni mwa fremu. Ile ya mama wa Bukavu imeandikwa Februari. Agosti nitaichomoa nione marinda yamefika wapi.