Asiyeandikwa Kitabuni: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kupima Afya ya Watu wa Lamu

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii katika mji wa Lamu. Nikibisha hodi na daftari la kaya mkononi, iwe hapa mtaa wa Langoni au kule Mkomani, swali la kwanza huwa ni lile lile: "Mwatuandika ya nini tena, mwanangu? Si mwaka jana mlituandika?" Sikasiriki, kwa sababu watu wa Lamu wameulizwa mengi na wakarudishiwa machache. Ila katika kulijibu nimeona kwamba wengi wetu, hata baadhi ya wanaokaa ofisini, hatuielewi kazi yenyewe. Kazi ni kujua kaunti nzima inaumwa nini, inakabiliwa na hatari gani, na nani aanze kufikiwa. Dhana nitakazozitaja ni zile ninazozisikia vibarazani na mikutanoni. Baadhi zina uzito kuliko nyingine, nami nitakaa zaidi pale penye uzito.

"Kitabu cha hospitali kinatosha"

Hii ndiyo kubwa kuliko zote, na ni rahisi kuiamini. Kila zahanati inaandika wagonjwa wake, na mwisho wa mwezi jumla zinaingizwa katika mfumo wa takwimu za afya wa taifa. Basi anayetaka kujua ugonjwa wa Lamu si afungue tu asome? Afungue, lakini ajue kwamba anasoma habari za waliofika.

Waliokuwepo kisiwani mwaka 2004 hawajaisahau homa ile. Viungo viliuma hata mtu akashindwa kushika kikombe cha chai au kurukuu katika swala. Ilikuwa chikungunya. Jina lenyewe ni la Kimakonde, lina maana ya kujikunja, na Mswahili akilisikiliza vizuri atausikia udugu wake na neno "kukunja". Mlipuko ulifika kilele mwezi wa Julai, na wagonjwa walioandikwa walikuwa takriban 1,300.

Baadaye walikuja watafiti wakapima damu za watu 288 wa kisiwani, wakitafuta kingamwili, yaani alama ambayo mwili huibakisha baada ya kupambana na kirusi. Watu 215 kati ya hao, ambao ni 75 kwa kila 100, walikutwa wameambukizwa. Ukiipeleka hesabu hiyo kwa kisiwa kizima unapata watu kama 13,500. Kwa kila mmoja aliyeandikwa hospitalini, wengine tisa hivi hawakuandikwa popote.

Walikuwa wapi? Walikuwa majumbani. Kuna aliyenunua dawa ya maumivu dukani akalala, na aliyechemsha mwarobaini. Kuna aliyeona foleni akarudi, na ambaye miguu haikumbeba hata kufika mlangoni. Hakuna aliyejificha. Kitabu hakikuwa na njia ya kuwaona.

Kuna jambo la pili katika kisa hiki, na kwangu ndilo kubwa zaidi. Mlipuko ule ulikuja wakati wa ukame. Maji yalikuwa haba, watu wakayaweka ndani kwa mapipa na mitungi, na mara nyingi vyombo havikufunikwa vizuri wala kubadilishwa maji. Mbu anayeeneza chikungunya, yule anayeuma mchana, huzaliana katika maji ya aina hiyo. Anayesoma kitabu cha zahanati peke yake ataagiza dawa za homa. Aliyeingia nyumbani akaliona pipa ataagiza mifuniko, na atauliza kwa nini mfereji haukutoa maji wiki mbili. Wazee wetu walikuwa wakitia samaki wadogo katika birika za misikiti na za nyumba ili wale viluwiluwi. Ile ilikuwa kinga ya afya ya umma kabla hatujawa na jina la kuiita, na nasikitika kila ninapoikuta birika imekaushwa na mahali pake pamewekwa ndoo zilizo wazi.

Kutoka kwetu ugonjwa ulionekana Mombasa mwaka huo huo, kisha Komoro, Réunion, hadi India. Kwa hiyo pipa la Lamu si jambo la Lamu peke yake.

Hapo watu huuliza vipi watu 288 wawasemee wengine 18,000. Mpishi akitaka kujua chumvi ya mchuzi hamalizi chungu, lakini hukoroga kwanza ndipo aonje. Kukoroga katika kazi yetu ni kuwachagua watu kwa bahati nasibu, kila mtaa na kila nyumba ikiwa na nafasi yake. Watu 288 waliochaguliwa hivyo wana maana kuliko 3,000 waliokusanywa gatini kwa sababu mashua ya watafiti ilitia nanga hapo. Mkiletewa utafiti, msiulize tu ni watu wangapi waliopimwa. Ulizeni walichaguliwaje.

"Wanakuja usiku kuchukua damu za watu"

Naam, walikuja usiku, na maneno yakazagaa kwamba damu inauzwa au inafanyiwa mambo. Yafaa ukweli wake uelezwe vizuri, maana uvumi huu unatugharimu.

Ugonjwa wa matende, ambao pia huleta busha kwa wanaume, unasababishwa na minyoo midogo inayoishi katika mishipa ya maji ya mwili. Minyoo hiyo huzaa vitoto vinavyoingia katika damu, na katika eneo letu vitoto hivyo vina saa zao: mchana hujificha katika mishipa ya ndani, hasa ya mapafu, na usiku wa manane hutoka kwenye damu ya juu juu. Ndio wakati ambao mbu wa usiku hutuuma na kuwabeba. Mpimaji anayetafuta vitoto hivyo kwa darubini akija saa nne asubuhi ataambulia damu safi, ataandika kwamba kijiji kizima ni salama, na kijiji kitaachwa bila dawa. Saa ya usiku ilichaguliwa na mnyoo. Siku hizi kuna kipimo cha tone la damu kinachotambua dalili za mnyoo mkubwa saa yoyote, na kimepunguza safari zile za usiku.

Dhana nyingine inayokaa jirani na hiyo ni ya mtu anayesema, "Mimi miguu yangu mizima, dawa wapewe wenye matende." Mtu anaweza kubeba minyoo miaka mingi bila dalili yoyote, na huku mbu wanachukua kwake na kupeleka kwa jirani. Ndiyo sababu dawa hugawiwa mtaa mzima. Ugawaji huo ulianzia Kilifi mwaka 2002 ukaenea kaunti nyingine za Pwani, na mwaka 2018 baadhi ya sehemu za Lamu zilipewa mchanganyiko wa dawa 3 kwa pamoja. Anayeamua kama eneo lipewe au liache kupewa ni hiyo hiyo sampuli ya damu. Anayekataa kupimwa kwa sababu ya uvumi anapotosha uamuzi wa watu wote wa eneo lake.

"Lamu ni ndogo, mahitaji yake madogo"

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 Lamu, wachache kuliko kaunti yoyote ya Kenya. Wenzetu wa Kilifi walikuwa 1,453,787, mara kumi yetu. Mtu akizigawa pesa na wauguzi kwa kuhesabu vichwa tu, Lamu itaonekana imetosheka.

Lakini twende Kizingitini, kaskazini ya kisiwa cha Pate. Mama ameshikwa na uchungu usiku, damu inatoka, na upasuaji uko hospitali kubwa ya Lamu. Njia ni bahari, na sehemu yake ni mlango mwembamba wa Mkanda, kati ya Manda na bara. Maji yakikupwa, hasa ya bamvua, chombo kinangoja. Miezi ya kusi bahari inachafuka. Mafuta ya boti ni pesa ambazo mvuvi hana nyumbani usiku huo. Wataalamu wa uzazi wana lugha yao ya ucheleweshaji 3: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ramani inayochora duara la kilomita 5 kuzunguka kila kituo na kusema walio ndani wanafikiwa, inaipima barabara ya Mpeketoni, kule bara, na bahari ya Pate kwa uzi mmoja. Kwetu umbali upimwe kwa saa, kwa maji, na kwa bei ya petroli.

Uchache wa watu una mtego mwingine. Vifo vya kina mama wazazi vikihesabiwa mahali penye watu wachache, kifo kimoja zaidi au kimoja pungufu kinaupandisha au kuushusha mstari wa mwaka mzima. Mwaka mmoja wa takwimu hauwezi kutuambia kama tumeboresha au tumezorota. Inabidi kusoma miaka kadhaa pamoja, na kila kifo kikaliwe kikao chake, kiulizwe kilianzia wapi kati ya zile hatua 3.

"Hapa kwetu hapana ndwele"

Jibu hili napewa kwa ukarimu, pamoja na kahawa. Nikitoa mashine ya presha, mwenye kunijibu anashangaa kuona namba. Utafiti wa taifa wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba Wakenya watu wazima 56 kwa kila 100 hawakuwahi kupimwa shinikizo la damu. Mtu ambaye hajawahi kupimwa hawezi kuripoti ugonjwa huo, hata umuulize kwa lugha gani. Kwa hiyo tathmini ya maswali bila vipimo itautaja sana mguu unaouma na kuusahau moyo.

Kuna kimya cha mahali pia. Katika wadi ya Basuba, kwenye vijiji vya Waboni, zahanati zilifungwa kwa miaka kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Katika ripoti ya mwezi, kijiji kisicho na mgonjwa na kijiji kisicho na mwandishi vyote huweza kuonekana sufuri. Hili huniuma. Waliotengwa na huduma wanageuka kuwa wenye afya kwenye karatasi, kisha karatasi ile ile inatumiwa kueleza kwa nini hawakupangiwa kitu.

Na kuna kimya cha aibu. Hakuna mama atakayefungua mlango aniambie kijana wake anajidunga unga. Ndiyo maana watafiti wa mambo haya hawabishi hodi. Humwendea mmoja anayetumia, wakampa heshima na siri, naye akawaleta wenzake, na wenzake wakaleta wengine, na hesabu inarekebishwa baadaye kwa kujua nani alimleta nani. Uchunguzi uliofanywa kwa njia hiyo Nairobi mwaka 2011 ulikuta kwamba wanaojidunga karibu 19 kwa kila 100 walikuwa na virusi vya ukimwi, ilhali kwa watu wazima wote Kenya mwaka 2012 walikuwa karibu 6 kwa 100. Wastani wa watu wote ungewafunika kabisa. Malindi ilifunguliwa kliniki ya methadone, dawa ya kuwasaidia watu kuacha unga, mwaka 2015, na vijana ambao mtaa uliwaita mateja na kuwakatia tamaa wakawa wanafika kila asubuhi kwa dozi yao.

"Ni orodha ya magonjwa tu"

Hapana. Hatari iliyo mbele pia huhesabiwa kabla haijafika. Ulipopangwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi, watu wa Lamu waliuliza habari ya hewa watakayovuta, samaki watakaowala na majivu yatakakowekwa. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni ya mradi huo, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika tathmini ya athari. Aliye na swali kuhusu hewa ya kijiji chake ana haki ya kujibiwa kabla msingi haujachimbwa.

"Haya ni mambo ya Nairobi"

Yalikuwa hivyo zamani. Tangu 2013 hospitali na zahanati zetu ziko chini ya kaunti, na mpango wa maendeleo wa kila mwaka sharti uwe umefika bunge la kaunti kufikia Septemba 1 ili bajeti ya Julai inayofuata iupate. Takwimu zinazokusanywa Oktoba zimeikosa mashua. Zinazokusanywa Juni zina nafasi, lakini Juni ni kusi, na visiwa vya mbali ni vigumu kufikiwa, kwa hiyo kazi ya Pate na Kiwayu ianze mapema, bahari ikiwa shwari. Kalenda ya bajeti na kalenda ya pepo hazikupangwa na mtu mmoja, na ofisi isiyozilinganisha itaishia kuandika habari za waliokaa karibu na gati.

Mkutano wa wadi ukiitishwa, ombeni mwonyeshwe nyumba ngapi hazikufikiwa na ziko mtaa gani. Ulizeni matokeo ya mara iliyopita yalisomwa wapi, na mbele ya nani. Sisi wahudumu wa afya ya jamii tulipewa simu za kuandikia kuanzia 2023, kila mmoja akipangiwa kaya kama 100, na simu hizo zinasaidia. Lakini daftari langu bado natembea nalo. Kurasa za nyumba nilizozikuta zimefungwa nimezikunja pembe, na Jumamosi nazirudia, kuanzia ile ya mwisho karibu na pwani ambayo wenyewe hurudi kutoka dagoni, kambini kwa wavuvi, baada ya magharibi.