Grafti ya mkononi ikinyamaza: dhana potofu na ukweli

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine na hana vena nzuri ya kutengenezewa fistula (ateri na vena yake mwenyewe zikiunganishwa moja kwa moja), huwekewa grafti: mrija wa bandia unaolazwa chini ya ngozi, kuunganisha ateri na vena. Huanza kutumika mapema kuliko fistula, mara nyingi baada ya wiki mbili au tatu, lakini huziba upesi zaidi. Na kuhusu kuziba huko, watu wanaambizana mengi yasiyo kweli.

“Huziba ghafla tu, hakuna anayeweza kujua.”

Mara nyingi huanza polepole. Pale mrija unapoungana na vena, ukuta wa vena hunenepa kidogo kidogo hadi njia inakuwa nyembamba. Damu ikipungua kasi, inaganda. Kabla ya kufika huko mkono husema. Sindano ikishatolewa, unabonyeza pamba na bado inalowa, muda mrefu kuliko ulivyozoea. Mashine inalia kila mara kwa presha ya vena. Mkono unavimba. Majibu ya maabara yanaonyesha damu haisafiki vizuri ingawa saa zako unamaliza.

Na kuna vidole vyako. Viweke juu ya grafti: ikiwa nzima utahisi mtetemo laini, kama kifua cha paka anayekoroma. Mtetemo huo ukigeuka kuwa mdundo mzito, huenda damu inagonga mahali palipobana. Mwambie muuguzi kabla hajachoma sindano.

“Ikinyamaza, ikande kwa maji ya moto, usubiri siku yako ya mashine.”

Hili linaniuma. Ijumaa usiku shangazi yangu aligusa mkono wake akakuta kimya. Jirani, kwa nia njema kabisa, akamkanda. Jumatatu alipofika kliniki alikuwa anahema, miguu imejaa maji, ikabidi awekewe katheta, mrija wa kupitishia damu, shingoni ili asafishwe.

Usikande, unaweza kusukuma damu iliyoganda. Piga simu kwenye kitengo saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Damu iliyoganda karibuni ni rahisi zaidi kuondolewa, kwa dawa ya kuyeyusha, kwa mirija maalumu au kwa upasuaji, na grafti ikifunguliwa kabla ya zamu inayofuata, huenda ukaepuka katheta. Ukikosa pumzi, nenda dharura, usingoje kupigiwa.

“Kipimo kikionyesha wembamba, lazima upanuliwe.”

Si lazima. Altrasaundi ya Dopla hupima damu inayopita, na kwa grafti, chini ya mililita 600 kwa dakika ni kiwango cha kuangaliwa kwa makini. Ila mwongozo wa Marekani wa matibabu ya figo, KDOQI, wa 2019 unasisitiza dalili za mgonjwa mwenyewe. Wembamba usioleta shida yoyote haupanuliwi kwa sababu tu umeonekana. Dalili zikiwepo, hupigwa picha ya mishipa kwa dawa ya rangi, na hapo hapo puto dogo huweza kupanua palipobana.

“Damu iliyoganda imetolewa, basi nimepona.”

Kilichoigandisha kama kingalipo, itaganda tena. Hata puto halimalizi kazi moja kwa moja. Wembamba hurudi, na wengine hupanuliwa mara kadhaa. Kwa hiyo kabla hujashuka kitandani muulize daktari: palipobana pamepanuliwa, au mmetoa damu tu?