Majeruhi na Sindano ya Kuzuia Damu Kuganda

Huku Mtwara na Lindi, kijana akianguka kutoka juu ya mnazi au akivunjika paja katika ajali ya bodaboda, ndugu wanaomuuguza huamini tangu zamani kwamba aliyemwaga damu nyingi hapaswi kupewa dawa ya kuzuia damu isigande. Hofu hiyo inaeleweka, lakini si sahihi. Mwili ulioumia vibaya huifanya damu igande kwa urahisi zaidi ili kuziba majeraha, na kwa kuwa mgonjwa amelala bila kusogeza miguu, damu hutuama katika mishipa ya ndani na kufanya bonge, ambalo likichomoka husafiri hadi kwenye mapafu na kuweza kumuua ghafla, hata kidonda kikiwa kimekauka.

Kwa hiyo damu ikishadhibitiwa, mara nyingi ndani ya saa 24 hadi 48, daktari huagiza heparini au inoksaparini, ambazo ni dawa za kuzuia damu isigande, kwa sindano fupi inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo. Dawa hii haiyeyushi damu iliyokwisha kuziba jeraha. Hatari ya kuvuja haiondoki kabisa, na anayevuja bado, hasa kichwani, husubirishwa. Mguu mmoja ukivimba, au pumzi ikimbana ghafla, tafadhali mwiteni muuguzi papo hapo.