"Chini ya wastani" si ukame

Kila utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) unapotoka ukitaja mvua "chini ya wastani", mtaani husikika: "TMA walisema hakuna mvua, mbona tumefurika?" Hawakusema hivyo. "Chini ya wastani" ni ulinganisho: jumla ya mvua ya msimu mzima eneo hilo, ikipimwa na wastani wa miaka 30. Msimu wenye mvua haba bado unaweza kumwaga siku moja mvua ya kujaza mitaro yote ya Jangwani, Dar es Salaam.

Wastani huo umetokana na kazi ya watu. Kila saa 3 asubuhi, kituoni, mpimaji husoma kipimamvua na kuandika milimita za saa 24 zilizopita. Kazi hii iliendeshwa na idara ya pamoja ya Afrika Mashariki hadi jumuiya ilipovunjika mwaka 1977; Tanzania ikaunda idara yake, iliyogeuka wakala mwaka 1999, kisha mamlaka mwaka 2019.

Wala si mambo ya mvua tu. Rubani haruki bila taarifa zao, na Mei 2024 tahadhari ya kimbunga Hidaya iliwafanya wavuvi wengi wabaki nchi kavu. Kwangu hilo ni jambo kubwa mno.