Kuatamia si kutaga, wala si kuangua

Kuatamia ni kuku kulalia mayai, mchana na usiku, kwa siku zipatazo 21 ili joto la mwili wake liyakuze. Maana ni hiyo tu. Tatizo ni kwamba siku hizi kuku akionekana kiotani, basi "anaatamia", na vifaranga wakitoka napo "ameatamia".

Neno lenyewe linajieleza. Kuotama ni kuchuchumaa. Ongeza -ia upate kuotamia, kuchuchumaa juu ya kitu, ambalo wengi hutamka kuatamia. Linataja mkao, halitaji matokeo. Matokeo hutajwa na kuangua, yaani kutoa vifaranga mayaini: ni kitenzi kilekile cha kuangua nazi au embe, ndugu wa kuanguka. Kutotoa, neno jingine la kuangua mayai, nako kumebeba "toto" ndani yake. Kwa hiyo kuku anaweza kuatamia wiki tatu nzima asiangue hata kifaranga mmoja, mayai yote yakawa viza, na bado ni kweli kwamba ameatamia.

Anayetaga hukaa kiotani kwa muda, akatetea, akaondoka. Anayeatamia utamkuta palepale usiku, kifua kimenyonyoka manyoya, na ukimsogezea mkono anajitutumua na kukudonoa. Hushuka kama mara moja kwa siku, robo saa hivi: anakula, anakunywa, anaacha kinyesi kimoja kikubwa chenye harufu kali, anarudi.

Tofauti hii ina kazi. Yai lililotagwa leo likakaa mahali pa baridi halianzi kukua. Linasubiri joto la mfululizo. Ndiyo maana mayai 10 yaliyotagwa kwa siku 10 huanguliwa karibu pamoja, mradi yaanze kulaliwa siku moja. Lakini kuku akiatamia katikati ya wenzake, wenzake huja kutaga kwenye kiota hichohicho. Usipoyatia mayai yake alama ya penseli na kuondoa kila jioni yasiyo na alama, yatakuwepo yaliyopishana siku tano, sita. Vifaranga wa kwanza wakitoka, mama hukaa nao siku moja au mbili, wakiishi kwa kiini kilichobaki tumboni mwao, kisha huwatoa kwenda kula. Mayai ya nyuma yanapoa, na ndani yake mna vifaranga hai. Hapo mtu husema kuku ameacha kuatamia kabla ya wakati, kumbe alimaliza siku zake. Wakati ambao haukufika ni wa mayai ya wageni.

Basi ukiulizwa kuku wako ameatamia siku ngapi, usihesabu tangu yai la kwanza. Anza na usiku wa kwanza aliolala juu ya mayai yote. Kabla ya hapo alikuwa anataga. Vifaranga wakishatoka ameangua, na wiki sita hadi nane zinazofuata, akiwafunika kwa mbawa usiku, huko ni kulea.