CRP na kolesteroli kwenye ugonjwa wa mishipa ya miguu: maana yake nini hasa

Siku hizi watu wanatumiana sana picha za majibu ya maabara, karatasi imeandikwa CRP, halafu mafuta ya damu, yani LDL, HDL, traiglisaraidi, halafu swali linafuata, "kwa hiyo mshipa wangu wa mguu umeziba?" Hapana, karatasi hiyo peke yake haiwezi kusema hivyo, ila kuna kitu inasema.

Ugonjwa wenyewe kwanza. Ateri za miguu, yani mishipa inayopeleka damu chini, zinajaa mafuta kwenye kuta zake mpaka njia inakuwa nyembamba. Mzee anatoka stesheni ya Kigoma anapandisha kwenda Mwanga, katikati ya kilima kigimbi kinabana, anasimama dakika mbili tatu kinaachia, anaanza tena kutembea kinabana tena. Hiyo ndo dalili yake kubwa. Nyumbani wanasema baridi yabisi wanamchua na dawa, sasa baridi yabisi gani hiyo inayoisha ukisimama tu? Na mwenye sukari anaweza asisikie maumivu kabisa kwa sababu miguu ishakufa ganzi, unakuja kushtuka kidonda hakiponi.

Sasa hayo majina. LDL ndo kolesteroli inayopenya ukuta wa mshipa na kubaki humo, chembe nyeupe za damu zinaifuata kuila, zinavimbiwa mafuta zinafia humohumo, na hapo mcharuko unaanza, yani ule uvimbe na joto la mwili kupambana na kitu. Mcharuko ukiwepo ini linapata taarifa linatoa protini inayoitwa CRP. Kwa hiyo mafuta na mcharuko ni ugonjwa uleule unaupima kwa milango miwili. Kuna utafiti wa madaktari wanaume wa Marekani uliotoka 2001, walilinganisha viashiria kibao kuona kipi kinatabiri ugonjwa huu mapema, upande wa mafuta kilichoongoza ni uwiano wa kolesteroli yote kwa HDL, ile wanayoiita kolesteroli nzuri, nje ya mafuta kikaongoza CRP.

Lakini CRP bana, kwa huku kwetu ina kasheshe. Ni kama yowe la usiku mtaani, unajua kuna jambo ila nyumba ipi hujui. Malaria inaipandisha, nimonia inaipandisha, jino bovu nalo, kidonda cha mguu ndo usiseme. Kwa mambo ya mishipa wanatumia ile CRP ya kipimo nyeti, chini ya miligramu 1 kwa lita hatari ni ndogo, 1 mpaka 3 ya kati, juu ya 3 kubwa, ila ikivuka 10 daktari anatafuta maambukizi kwanza, unarudia ukishapona, kama wiki mbili hivi baadaye. Mtu katoka kumaliza dozi ya mseto juzi anapimwa CRP anaambiwa mishipa mibaya, hapo umelipia hofu tu.

Kinachosema mguu umeziba ni presha ya kifundo cha mguu igawanywe kwa presha ya mkono. Mkono 140, kifundo 98, unapata 0.7, na chini ya 0.9 tunasema kuna tatizo. Haitaki damu hata tone. Ikizidi 1.4 usishangilie, maana yake mishipa imekakamaa, iko sana kwa wenye sukari na figo, wanapimwa kwenye kidole gumba cha mguu.

Namba za mafuta zinakuja kuwa na kazi kubwa ukishajulikana unao, kwa sababu hapo LDL inatakiwa ishuke hasa, miongozo ya Ulaya inataka chini ya 1.4 milimoli kwa lita, na hiyo hufiki kwa kuacha mawese peke yake. Mawese karibu nusu ni mafuta mazito, ni kweli yanapandisha LDL, ila sijasema samaki wetu mgebuka aliwe mkavu, punguza kipimo cha kumimina. Dawa za statini ndo zinashusha LDL kwa kiasi kikubwa, na CRP nayo inashuka. Sigara ndo adui namba moja wa mishipa ya miguu, inashusha HDL inapandisha mcharuko, yani inaharibu karatasi yote pande mbili. Na mguu ukiwa wa baridi ghafla, umepauka na unauma hata umelala, hapo hakuna cha kusubiri majibu ya CRP wala nini, ni hospitali saa hiyohiyo.