Asali kwenye chai ya moto siyo sumu jamani
Hapa Tabora asali ya miombo tunayo kibao, ila kipupwe cha Juni kikianza tu utasikia eti usitie asali kwenye chai ya moto inageuka sumu. Hamna kitu. Joto linapunguza harufu na vimeng'enya vyake basi, sukari iko palepale. Mi nachemsha tangawizi ya kuponda kama dakika 10, naepua, nasubiri mpaka kikombe kinashikika bila kuungua vidole ndo natia kijiko kimoja, ile harufu ya maua unaipata kabisa (ukiitia sufuriani inatokota umechoma hela yako). Wa kumhofia ni mtoto chini ya mwaka 1, huyo asipewe kabisa, asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo hata chai ya moto haiviui.